Baada ya Taarifa ya Habari

Jioni za televisheni zetu hufuata mpangilio unaojulikana. Nchini Kenya taarifa ya habari ya Kiswahili husomwa saa moja usiku, Tanzania wengi huisubiri saa mbili, na kabla au baada yake huja tamthilia. Mpangilio huo umezaa mgawanyo wa heshima ambao ni wachache wanaouhoji: habari ni za watu wazima wanaoijali nchi yao, tamthilia ni za akina mama, watoto na dada wa kazi. Baba akishasikia vichwa vya habari, bei ya dola na hali ya hewa, huhesabiwa kuwa amemaliza wajibu wake wa uraia kwa siku hiyo; anaweza kuinuka akawaachia wengine rimoti. Naona mgawanyo huu umekaa upande. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi ya kuwaelewesha watu mambo ya nchi yao imebebwa na michezo ya kuigiza na vichekesho. Kwa kuwa tunaona haya kulikiri hilo, tumeiacha kazi nzito kama hiyo bila wahakiki, bila fedha za kutosha na bila ulinzi.

Tuitazame kwanza taarifa yenyewe. Enzi za Rais Moi, mtazamaji wa Kenya aliijua habari ya kwanza kabla haijasomwa: Mtukufu Rais alikuwa wapi leo, amefungua nini, amemwonya nani. Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ilirudia jina la KBC, haikuwa na mshindani kwenye televisheni hadi KTN ilipoingia mwaka 1990, na habari zilipangwa kwa ngazi za madaraka, kutoka Rais kushuka hadi mkuu wa wilaya. Mwananchi wa kawaida alijitokeza mwishoni, kwenye ajali au mafuriko. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, stesheni za watu binafsi zilipoanza. Ushindani ulileta picha safi, watangazaji hodari na magari ya kurushia matangazo. Ngazi ile haikuvunjika. Mpaka leo habari nyingi hujengwa juu ya tukio lililoandaliwa na mwenye cheo: waziri kazindua, mkuu wa mkoa kaagiza, katibu kawataka wananchi wawe na subira. Mtazamaji huondoka akijua nani kasema nini. Kwa nini mambo yako hivyo, na yanamfikaje mtu wa chini, hayo huyaokota pengine.

Simlaumu mwandishi wa habari kwa hili, maana sehemu kubwa ya kasoro imo katika kazi yenyewe. Habari ya televisheni hupewa dakika mbili au tatu, huhitaji picha ya leo, na huhitaji mtu anayekubali kuonyesha sura na kutaja jina. Mambo yanayoyaumiza maisha ya watu hayana picha ya leo. Kiwanja huporwa kidogo kidogo kwa miaka minane; binti huachishwa shule kwa maneno ya chini chini ya ukoo; muuguzi huombwa msamaha na mgonjwa aliyekosewa na muuguzi huyohuyo. Hakuna mkutano na waandishi wa habari unaoitishwa kwa ajili hiyo. Juu ya kasoro hiyo ya kazi huja mkono wa dola. Januari 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, ikitaja gharama, na watu wakabakia na dondoo zilizorekodiwa. Mwisho wa Januari 2018 Kenya ilizima mitambo ya Citizen, NTV na KTN siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokula kiapo chake cha "rais wa wananchi" Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2025 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliagiza vyombo viache kurusha maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ilipolisimamisha agizo hilo. Habari, kwa hiyo, ina mwanya mwembamba wa kupitia, na mwanya wenyewe huweza kuzibwa kwa barua moja.

Sasa tuutazame upande unaodharauliwa. Ushahidi mzuri kuliko wote tulio nao ni wa nyumbani, na ni wa redio kabla ya televisheni kuenea. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliokuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwanamume wa wanawake wengi njiani, ambaye mwishowe aliugua ukimwi, na mkewe Tunu, aliyejikusanya akasimama mwenyewe. Kilichoufanya mchezo huo uandikwe kwenye vitabu vya wataalamu duniani kote ni jinsi ulivyopimwa. Kwa miaka miwili ya mwanzo, kituo cha Dodoma hakikuurusha. Kilipeperusha vipindi vyake. Nchi ikawa imegawanyika mara mbili, wanaosikia na wasiosikia, na watafiti, akiwemo Everett Rogers, wakaweza kulinganisha. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi pale mchezo uliposikika kuliko Dodoma, na watu wengi zaidi walieleza kwamba wamepunguza idadi ya wapenzi. Dodoma ilipoanza kuupata mchezo huo kuanzia 1995, nako mabadiliko yakaonekana. Serikali ilikuwa imesema juu ya ukimwi na uzazi wa mpango kwa miaka kadhaa kwa njia ya matangazo, mabango na hotuba. Hayo yalikuwa na kazi yake. Lakini mtu hamjadili mtoa hotuba na mke wake chumbani, Mkwaju walimjadili.

Brazil ilitoa ushahidi wa aina hiyohiyo bila mtu yeyote kukusudia kufundisha. Tamthilia za Rede Globo zilitungwa ili ziuze matangazo, na kwa sababu za utunzi wengi wa wahusika wake wakuu wa kike walikuwa na mtoto mmoja au hawakuwa naye kabisa. Utafiti wa Eliana La Ferrara na wenzake, uliotoka mwaka 2012, ulionyesha kwamba maeneo yaliyofikiwa na mawimbi ya Globo yalishuhudia wanawake wakizaa watoto wachache zaidi, na wazazi waliwapa watoto wao majina ya wahusika. Hapakuwa na kampeni wala kauli mbiu ya wizara.

Njia ambayo mchezo hupitia kuyafanya haya ilionekana wazi zaidi Rwanda. Mwaka 2004 redio ilianza kurusha Musekeweya, mchezo wa vijiji viwili vinavyogombana, ulioandikwa kwa ajili ya nchi iliyotoka kwenye mauaji ya kimbari. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aliyafuata makundi ya wasikilizaji kwa mwaka mzima. Mengine yalisikiliza mchezo huo, mengine mchezo wa afya. Mwishoni alikuta kwamba imani za moyoni za wasikilizaji hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona yale yanayokubalika kwa wenzao: kama ni sawa kuoana nje ya kundi lako, kama ni sawa kumpinga mtu mbele ya watu. Kila kundi lilipewa redio kaseti liimiliki kwa pamoja, na hapo tofauti ikajitokeza kwa vitendo. Kwenye makundi ya mchezo wa afya, mtu alipendekeza mjumbe wa nyumba kumi aitunze, na wote wakanyamaza kwa kukubali. Kwenye makundi ya Musekeweya mtu aliinuka akakataa, mjadala ukazuka, wakatafuta namna ya kuitunza wenyewe. Nimeusoma utafiti huo zaidi ya mara moja na kila mara naona kwamba unasema jambo ambalo wanasiasa wetu hawapendi lijulikane: watu waliozoea kusikia hoja zikipingwa ndani ya hadithi huanza kupinga hoja nje ya hadithi.

Hapa ndipo ninapoona siri ya sebule zetu. Mwanamke anayekaa na mama mkwe wake, mume, shemeji na watoto hana nafasi ya kusema wazi kwamba nyumba ile inamdhulumu. Kijana hawezi kumwambia baba yake kwamba mgao wa shamba haukuwa wa haki. Tamthilia hufanya kazi ambayo kanga imeifanya pwani kwa vizazi: hulisema mbele ya wote jambo ambalo lingevunja heshima kama lingesemwa kwa jina la mtu. Mama mkwe wa kwenye kioo akimnyanyasa mkaza mwana wake, mwenye nyumba atamlaani kwa sauti, na aliyeketi kwenye jamvi atasikia kwamba amelaaniwa. Maoni hutolewa, pande huchukuliwa, na kesho yake yanaendelea sokoni na kwenye daladala. Huo ni mjadala wa umma kwa kipimo chochote cha haki. Unahusu mirathi, talaka, malezi, rushwa ya hospitali na cheo kinachonunuliwa, na unawahusisha watu ambao hakuna mtangazaji atakayewaita studioni.

Vichekesho vimekwenda mbali zaidi, hadi mlangoni mwa Ikulu. Vioja Mahakamani iliweka kizimba cha mashtaka kwenye sebule za Kenya kwa miongo kadhaa, na kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahakama, pale ndipo alipoona kwamba mshtakiwa ana haki ya kumhoji shahidi na kwamba hakimu husikiliza pande zote. Mzee Ojwang wa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, alikuwa mzee mwenye kiburi ambaye mkewe alimshinda kwa akili wiki baada ya wiki, katika nchi ambayo wazee wenye kiburi walikuwa hawapingwi. Kisha mwaka 1999 vijana watatu, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, wakaanza Redykyulass kwenye televisheni ya Nation. Mong'are, aliyejulikana zaidi kwa jina la Nyambane, alimwiga Moi: sauti, fimbo, mwendo. Moi alikuwa bado madarakani. Miaka michache kabla yake mtu alinong'ona jina hilo huku akitazama nyuma, na sasa taifa zima lilikaa likacheka pamoja, kila nyumba ikijua kwamba nyumba ya jirani nayo inacheka. Uoga hauondolewi na mtu mmoja kutoogopa. Huondoka pale kila mtu anapojua kwamba wengine hawaogopi tena, na ujuzi huo Redykyulass iliutoa kabla ya uchaguzi wa 2002. Sidai kwamba vichekesho viliiangusha KANU, chama cha Moi. Muungano wa wapinzani uliiangusha. Nadai kwamba vichekesho viliwazoesha watu kuiona KANU kama kitu kinachoweza kuanguka. Mwaka 2009 XYZ Show, yenye vikaragosi vilivyobuniwa na Gado, mchoraji mzaliwa wa Dar es Salaam, ikaifanya kazi hiyo kwa kizazi kingine. Na Tanzania, Ze Comedy ilipoanza kwenye EATV na baadaye kuhamia TBC kwa jina la Orijino Komedi, iliigiza taarifa ya habari yenyewe, na watu wakaitazama ile ya kuigiza kwa makini kuliko ya kweli.

Watawala wameijua nguvu hii kuliko wahariri. Mwisho wa mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini baada ya mchezo wa Kigikuyu alioshiriki kuuandika, ulioigizwa na wanakijiji wa Kamirithu, kupigwa marufuku. Riwaya zake za Kiingereza zilikuwa madukani kwa zaidi ya miaka kumi bila kumfikisha huko. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa Dar es Salaam baada ya kusambaa kwa video akiicheka picha ya zamani ya Rais wa wakati huo. Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo ya shule lililofanyika Nakuru, wasichana wa Butere walikuja na mchezo wa Echoes of War, juu ya vijana na mtawala asiyewasikiliza. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuucheza. Mtunzi wao, Cleophas Malala, alizuiwa na polisi, mabomu ya machozi yakapigwa karibu na ukumbi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Nauliza: ni taarifa gani ya habari, katika mwaka huo, iliyosindikizwa na polisi wengi kiasi hicho? Dola haitumii nguvu kwa kitu kisicho na nguvu.

Nasikia pingamizi, na la kwanza ni zito kuliko yote. Kama burudani ina nguvu hivyo, basi ina nguvu ya kuua. RTLM, redio iliyochochea mauaji ya 1994 nchini Rwanda, haikuanza kwa kuhubiri. Ilianza mwaka 1993 kwa muziki mzuri, mizaha ya mitaani na watangazaji wanaoongea kama vijana wenzako, wakati redio ya taifa ilikuwa ikisoma matangazo makavu. Watu waliisikiliza kwa sababu ilichangamka, na chuki ikaingia pamoja na uchangamfu. Anayesema kwamba habari, pamoja na ukavu wake, angalau ina kanuni ya kuthibitisha jambo kabla ya kulisema, ana hoja ambayo siwezi kuipita. Naijibu hivi. Msiba ule haukuletwa na hadithi zenye sauti nyingi. Uliletwa na sauti moja iliyojivika mzaha huku ikijidai kutoa habari. Wasikilizaji waliambiwa kwamba wanapewa ukweli wa matukio, majina ya watu na mahali walipojificha. Mchezo wa kuigiza wa kweli hujitangaza kuwa ni mchezo, na ili usimame lazima umpe adui maneno yake, nia yake na maumivu yake. Chuki haiwezi kustahimili utunzi wa namna hiyo kwa muda mrefu. Somo ninalolichukua kutoka Rwanda ni kwamba burudani inahitaji kuchunguzwa kwa jicho kali, na jicho hilo hatuna, kwa sababu tumeiita upuuzi. Mhariri anayetuma waandishi watatu Dodoma kufuata kikao cha bajeti hatumi hata mmoja kutazama kipindi kinachotazamwa na nusu ya mji.

Pingamizi la pili ni kwamba tamthilia nyingi ni mbovu, na ni kweli. Zimo za kurefushwa bila sababu, za mchawi anayeingia pale mtunzi anapokosa njia, za bosi katika ofisi ambayo hakuna anayefanya kazi. Zipo pia zilizoharibiwa na nia njema: mfadhili analeta ujumbe wake, mtunzi anaugawa katika vinywa vya wahusika, na mtazamaji anasikia semina. Wenye kupenda kutumia burudani kama shule wausome utafiti uliofanywa juu ya Ruka Juu, kipindi cha kushindanisha vijana wajasiriamali kilichorushwa Tanzania na shirika la Femina. Watafiti wa Norway waliokipima kwa wanafunzi wa sekondari za Dar es Salaam waliona kwamba kiliamsha hamu ya biashara, ndiyo, lakini pia kiliyashusha matokeo ya shule. Picha iliyopendeza ilivuta upande mmoja, na upande wa pili ukalegea. Ubovu na hatari hizo haziniondoi kwenye hoja yangu, zinaikaza. Taarifa ya habari iliyo mbovu haitufanyi tuseme kwamba habari ni upuuzi. Tunadai iwe bora.

Wanaotetea maadili watasema tatizo ni busu na mavazi. Bodi za filamu za nchi zetu zimetumia nguvu nyingi hapo. Kenya iliipiga marufuku Rafiki mwaka 2018, filamu ya kwanza ya nchi hiyo kualikwa Cannes. Sioni kwamba mtoto analindwa kwa kuhesabu mabusu huku akioneshwa kila jioni kwamba tajiri hapaswi kueleza mali yake ilitoka wapi.

Na hapo ndipo linapoingia suala la tamthilia za nje, ambalo watu hulijadili kwa hasira kuliko kwa hesabu. Kwa zaidi ya miaka 20 sebule zetu zimepokea familia za Meksiko, Ufilipino, India, Korea, Uchina na Uturuki, na siku hizi nyingi huja zikiwa zimewekewa sauti za Kiswahili na StarTimes au Azam. Nawaheshimu waigizaji wa sauti wanaofanya kazi hiyo. Kiswahili chao mara nyingi ni kizuri kuliko cha tamthilia zetu, na wamerithi ufundi wa akina Lufufu waliozisimulia filamu za kigeni kwenye vibanda umiza vya Tanzania. Wala sikatai kwamba mtu wa Tandale anaweza kujiona katika dhiki ya mtu wa Manila au Istanbul. Machi 2013 Rais Xi Jinping, katika safari yake ya kwanza nje akiwa Rais, alihutubia Dar es Salaam na akaitaja tamthilia ya Kichina iliyokuwa imeoneshwa Tanzania kwa Kiswahili, ile ya Doudou na mama wakwe zake, kwamba imewaonjesha Watanzania maisha ya kila siku ya Wachina. Kiongozi wa dola kubwa alikuwa anaitaja tamthilia katika hotuba ya sera za nje. Wao wanajua wanachokipeleka, na Uturuki nayo inajua.

Sababu ya wingi wa tamthilia hizo ni hesabu rahisi. Tamthilia ya nje imekwisha kurudisha gharama zake kwao, hivyo inaweza kuuzwa hapa kwa bei ndogo, vipindi 100 kwa mkupuo, vyote vikiwa tayari. Ya kwetu inabidi ilipiwe mtunzi, waigizaji, nyumba, taa, mafuta ya jenereta na chakula cha kila siku ya kurekodi, kabla ya tangazo la kwanza la sabuni kuuzwa. Lakini hesabu hiyo haifungi mjadala. Citizen ya Kenya iliweka rehani jioni zake kwa Papa Shirandula, Mother-in-Law, Tahidi High na Machachari, kisha Maria mwaka 2019 na Sultana ya pwani baadaye, na ikavuna watazamaji wengi kuliko washindani wake. Watu wakipewa cha kwao kilichotengenezwa kwa uangalifu, wanakitazama. Familia ya Istanbul inaweza kutufundisha wivu na upendo. Haiwezi kutuonyesha mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayegonga muhuri kwa malipo, foleni ya kadi za bima, mgogoro wa mkulima na mfugaji, au binti wa Bukoba anayeuziwa ndoto ya kazi Muscat. Jumba la kifahari lililoko mbali lina usalama wake: waziri wa hapa hawezi kukasirishwa nalo. Nashuku kwamba usalama huo ni sehemu ya bei.

Tatizo lingine halizungumzwi vya kutosha. Tamthilia zetu zilizotengenezwa kwa uangalifu zaidi, kama Huba ya Maisha Magic Bongo au Selina ya Maisha Magic East, zilizaliwa ndani ya ving'amuzi vya kulipia kwa mwezi. Tangu Tanzania ianze kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ifuate mwaka 2015, hata chaneli za bure zinahitaji kifaa. Mwaka 2018 ving'amuzi vya Azam na DStv vililazimika kuziondoa chaneli za bure za Tanzania kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu, na nyumba nyingi zikajikuta zinachagua kati ya habari za nchi yao na mpira. Mjadala wa sebuleni nilioueleza unategemea wote wawe wamekiona kitu kimoja. Kadiri kizuri kinavyohamia nyuma ya malipo, ndivyo mjadala unavyogawanyika kwa kipato.

Vijana, nitaambiwa, hawatazami televisheni hata hivyo. Wako kwenye simu. Maandamano ya Juni 2024 Nairobi yaliitishwa TikTok na X, ambako hata muswada wa fedha ulielezwa kwa lugha za wenyeji kwa video fupi. Ni kweli, na sehemu kubwa ya ufafanuzi huo ulikuja kwa mtindo wa vichekesho na maigizo, jambo linaloithibitisha hoja yangu katika kioo kidogo zaidi. Lakini simu ina mipaka yake. Kila mtu hutazama cha kwake, baba na binti hawacheki tena pamoja wala kuaibika pamoja, na mamlaka inaweza kuifunga njia yote: nchini Tanzania intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025. Sebule yenye vizazi vitatu mbele ya kioo kimoja ni rasilimali ambayo mitandao bado haijapata mbadala wake, na iko mikononi mwa stesheni zetu kwa saa chache kila usiku.

Kwa hiyo madai yangu ni ya vitendo. Gazeti lenye kurasa nne za siasa litenge nusu ukurasa kila wiki kwa mhakiki anayejua utunzi, atakayeuliza juu ya tamthilia maswali yaleyale tunayomuuliza waziri: umesema kweli, umemsikiliza nani, nani kaachwa nje. Stesheni za umma, TBC, ZBC na KBC, ambazo hulipwa na kodi na hazina sababu ya kukimbizana na bei ya vipindi vya kununua, ziwe na fungu la tamthilia linalojulikana kiasi chake, na watunzi washindanie kwa miswada, bila mfadhili kuandika mazungumzo. Wasimamizi wa sekta, ambao Kenya wamekwisha kuweka kiwango cha maudhui ya ndani cha asilimia 40, wapime pia ni saa ngapi maudhui hayo yanarushwa, maana kiwango kinaweza kutimizwa kwa mahojiano ya asubuhi na marudio ya usiku wa manane. Na sheria za maudhui zitenganishe wazi anayeigiza na anayetangaza, ili mtunzi anayembuni mkuu wa wilaya mla rushwa asiitwe kujieleza kama mwandishi aliyemsingizia mkuu wa wilaya aliye hai. Bila kinga hiyo, mtunzi mwenye akili atampeleka mhusika wake kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea, atampa mke wa pili na mganga, na atalala salama.